Kupanda si kazi, kazi ni kushuka: jibu kwa mwalimu mstaafu anayealikwa Usambara

Swali: Nina miaka 67, ni mwalimu mstaafu, naishi Morogoro chini kabisa ya milima ya Uluguru. Wastaafu wenzangu mwaka jana walikwenda Lushoto, kwenye milima ya Usambara, wakatembea huko siku tatu na kulala kwenye mahema. Mwaka huu wanakwenda tena katikati ya Septemba na wananitaka niwemo. Nina presha, natumia amlodipini pamoja na kidonge kile cha kupunguza maji mwilini. Goti la kulia linaniuma nikishuka ngazi, nikipanda halinisumbui sana. Daktari aliniambia tu "fanya mazoezi mepesi". Wanangu wanasema, "Mama tulia, umeshafanya kazi ya kutosha." Je, niende? Nikienda, nijiandaeje kwa miezi mitatu hii? Na ile ndoto yangu ya Kilimanjaro niifute?

Jibu:

Shikamoo Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu katikati yake kuna maneno uliyoyaandika kama ya kupita tu, kumbe ndiyo yanayobeba jibu lote: goti linauma ukishuka, si ukipanda. Wanao wanauliza kama mama yao ataweza kufika juu. Mimi ninayewatibu watu viungo, na ninayetembea milimani na wazee kila ninapopata nafasi, nauliza kama utashuka salama. Watu wa umri wako wengi ninaowaona baada ya safari za namna hii hawakuumia wakipanda. Waliumia saa tisa au saa kumi alasiri, wameshaona walichokwenda kukiona, wameshapiga picha, wako njiani kurudi, na mbele imebaki nusu saa tu.

Nieleze kwa nini, maana ukielewa hili utajua mazoezi yako yanalenga nini. Unapopanda, msuli wa mbele wa paja unajikunja na kukusukuma juu. Moyo unadunda, unahema, mwili wenyewe unakuambia upumzike. Unapoteremka, msuli uleule unageuka breki. Unavutika huku umebeba uzito wako wote, hatua kwa hatua, maelfu ya hatua. Pumzi haikusumbui, kwa hiyo unajiona mzima. Lakini breki inachoka kimyakimya. Ikichoka, mzigo wote unahamia kwenye goti lenyewe, miguu inaanza kutetemeka, na jiwe dogo lenye unyevu linatosha kukuangusha. Mtu wa miaka 30 akianguka atajipangusa vumbi. Wewe unaweza kuvunjika kifundo cha mkono au nyonga, na nyonga kwa umri huu si jambo la kuchezea.

Umri wenyewe hauharibu breki hiyo kwa mkupuo. Misuli inapungua taratibu kuanzia miaka ya kati, na inapungua haraka zaidi kwa mtu aliyeambiwa atulie. Mama yangu mzazi aliacha shamba akiwa na miaka 70 kwa sababu sisi watoto tulimwonea huruma. Tulimnunulia kiti kizuri cha kukalia barazani. Baada ya miaka miwili hakuweza kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Nilikuwa tayari nimesomea kazi hii, na bado nilimwachia akae. Kwa hiyo wanao nawaelewa vizuri sana. Wanakupenda kama nilivyompenda mama. Ila huruma ya namna hiyo ina gharama, na anayeilipa ni mzee.

Jibu langu basi ni ndiyo, nenda, kwa masharti nitakayoyataja mwishoni. Lakini kwanza tujue unaanzia wapi. Chukua kiti cha kawaida cha chakula, kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Kaa, kunja mikono kifuani, mjukuu ashike saa. Kwa sekunde 30 simama wima na kukaa, simama na kukaa, mara nyingi uwezavyo bila kutumia mikono. Mwanamke wa miaka 65 hadi 69 anayepata chini ya mara 11 yuko chini ya wastani wa rika lake. Ukipata 11 au zaidi, una msingi mzuri. Ukipata sita au saba usikate tamaa wala usinifiche. Miezi mitatu inatosha kubadilisha namba hiyo, kwa sababu misuli ya mzee inaitikia mazoezi ya nguvu kama ya kijana, ila kwa mwendo wake.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli inayowafanya waheme kidogo, wakaze misuli angalau siku mbili, na siku tatu au zaidi wafanye mazoezi yanayowafundisha kutoyumba. Daktari wako aliposema "mepesi" nadhani aliogopa usikimbie marathoni. Kwako wewe neno hilo halitoshi. Mazoezi mepesi daima hayatakupa breki.

Wiki nne za mwanzo tembea tambarare asubuhi, nusu saa, siku tano. Mwendo uwe wa kukuwezesha kusema sentensi nzima lakini usikuruhusu kuimba wimbo wa kwaya. (Wasomaji wengine mnaotumia atenololi, dawa nyingine ya presha, au dawa za jamii yake, kipimo hiki cha maneno ndicho chenu, msihesabu mapigo ya moyo, kwa kuwa dawa inayazuia kupanda na yatawadanganya.) Kisha siku tatu kwa wiki, ukiwa nyumbani, rudia lile zoezi la kiti: mara nane, pumzika, mara nane, pumzika, mara nane. Kukaa kuwe polepole kuliko kusimama. Hesabu moja, mbili, tatu mpaka makalio yaguse kiti. Kule kushuka taratibu ndiko dawa yenyewe.

La pili ni la tofali. Laza tofali imara mlangoni, panda juu yake kwa mguu wa kulia, shika fremu ya mlango. Teremsha kisigino cha kushoto polepole mpaka kiguse sakafu, rudi juu. Mara sita, kisha badili mguu. Angalia goti lako lielekee kilipo kidole cha pili cha mguu, lisiangukie ndani. Litauma kidogo mwanzoni. Kanuni ninayowapa wagonjwa wangu ni kwamba maumivu madogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa, mradi kesho yake asubuhi goti liwe kama lilivyokuwa jana. Likiamka limevimba au linauma zaidi, umezidisha. Punguza idadi, usiache. Goti lililochakaa linahitaji msuli wa kulibeba, na kulipumzisha miezi mitatu kutalifanya libaki peke yake. Lakini goti likiwa la moto, likikwama lisikunjuke, au likiachia ghafla kama linataka kukuangusha, hapo usisubiri, nenda likaangaliwe.

La kutoyumba lifanye ukisubiri chai ichemke: simama kisigino cha mguu mmoja kimegusa vidole vya mwingine, mkono karibu na meza.

Kuanzia wiki ya tano unaingia mlimani, na hapa Mwalimu una bahati ambayo watu wa Dar es Salaam wangeinunua. Uluguru iko uani kwako. Alfajiri simama kwenye njia ya Morningside uwatazame bibi wa Kiluguru wakishuka na ndizi na mboga kichwani kwenda sokoni. Wengine ni wakubwa kuliko wewe. Tazama miguu yao. Hatua fupi. Magoti hayanyooki kamwe yakakaza, yako laini daima. Mahali pa mwinuko mkali hawashuki wakielekea mbele, wanageuka ubavu. Hakuna anayekimbilia chini. Sijawahi kupata somo bora la kuteremka darasani kuliko hilo, na nimelipia madarasa.

Anza kidogo: panda dakika 20 tu, ushuke kama wanavyoshuka wao. Keshokutwa yake mapaja yatauma, hiyo ni kawaida, maumivu ya breki huja siku ya pili. Jambo zuri ni kwamba misuli ina kumbukumbu. Mteremko mfupi wa leo unaikinga misuli kwa wiki kadhaa, na mteremko wa pili hautakuumiza kama wa kwanza. Kila wiki ongeza muda kidogo kidogo. Ukifika wiki ya kumi uwe umefika kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani pale Morningside na kurudi, ukiwa na mkoba mgongoni wenye maji, chakula na kanga, kama kilo tatu hivi. Nenda na mmoja wa wanao siku hiyo. Akikuona unavyotembea, mjadala wa nyumbani utakuwa mfupi.

Sasa fimbo. Najua neno "mkongojo" linavyosikika, na najua wazee wanavyolikwepa. Naomba uchukue fimbo mbili, si moja. Ukiwa na mbili una miguu minne, na sehemu ya mzigo wa goti inahamia mikononi na mabegani, hasa kwenye mteremko. Zile za kununua zinazorefuka na kufupika ni nzuri, lakini mianzi miwili iliyokauka vizuri, mepesi, inayokufika kiwikoni ukiwa umesimama wima, itafanya kazi. Ukishuka, fimbo zitangulie, mguu ufuate. Jizoeze nazo Uluguru. Usizishike mara ya kwanza Lushoto.

Viatu viwe vilivyokwishakanyaga njia, vyenye soli ya meno, na nafasi ya kidole gumba mbele, kwa sababu kwenye mteremko mguu unasogea mbele na kucha huishia kuwa nyeusi. Kata kucha siku mbili kabla. Amlodipini huwavimbisha watu vifundo vya miguu jioni. Kama ni wewe, jaribu viatu jioni, si asubuhi.

Hili la dawa nataka nilikazie kuliko yote. Wazee wengi safarini wanabeba diklofenaki, wanaimeza asubuhi "kuzuia goti lisije likauma". Wewe usifanye hivyo. Diklofenaki na ndugu zake, ibuprofeni ikiwemo, hupandisha presha na hubana damu inayokwenda kwenye figo. Ukiongeza kidonge cha kupunguza maji, ukaongeza jasho la mwendo wa saa nne, figo zako zinabanwa pande tatu kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kuondoka nyumbani na goti bovu akarudi na figo mbovu. Ukihitaji cha kutuliza, parasetamoli kwa kipimo chake. Kisha rudi kwa daktari, na safari hii usimuulize kama unaruhusiwa mazoezi. Muulize maswali yanayojibika: Presha yangu ya wiki mbili zilizopita iko sawa? Nikitembea na kutoka jasho saa nne kwa siku, siku tatu mfululizo, kidonge cha maji nikinywe vilevile au vipi? Usikipunguze mwenyewe.

Maji nayo: kiu hupungua kadiri tunavyozeeka. Ukisubiri kiu umeshachelewa. Funda chache kila robo saa, na kitu chenye chumvichumvi na sukari njiani: karanga, ndizi, kiazi kitamu cha kuchemsha. Wanawake wengi wa umri wako wananiambia kwa sauti ya chini kwamba hawanywi maji safarini kwa sababu ya kuogopa kujisaidia vichakani. Nawaelewa, na jawabu ni kupanga. Kanga, mwenzako wa kike wa kusimama njiani, na kikundi kilichokubaliana tangu mwanzo kwamba kila saa kuna kituo. Kuacha maji ndiko kunakoleta kizunguzungu, na kizunguzungu kwenye mteremko ni kuanguka, ambako tumeshakuzungumzia.

Kuhusu Lushoto yenyewe wala usiogope urefu wa mlima. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Usambara Magharibi vinapita mita 2,200 tu. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kusumbua watu kuanzia mita 2,500. Siku ya kwanza waombe wenzako muende Irente, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kutoka mjini, njia nyingi ni ya kistaarabu, na mwisho wake unasimama juu ya jabali ukitazama Mazinde na nyika chini yako mpaka macho yachoke. Msitu wa Magamba uwe siku ya pili, maana njia zake zina mizizi na utelezi hata wakati wa kiangazi. Septemba mmechagua vizuri: masika yamepita siku nyingi na vuli bado.

Muda wa njia, msiuamini ule anaowaambia kijana wa hapo. Ipo hesabu ya zamani ya Mskoti mmoja, Naismith, ya 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Mimi nikiwa na wastaafu naongeza nusu juu yake. Njia ya kilomita 8 yenye mita 450 za kupanda kwa hesabu yake ni kama saa mbili na dakika 20. Kwetu ni saa tatu na nusu, na mapumziko hayamo. Panga muwe mmefika kambini saa kumi jioni, jua likiwa bado juu. Na anayetembea polepole kuliko wote atangulie mbele. Akiwekwa nyuma, kila akiwafikia wenzake waliopumzika wao wanaondoka, na yeye ndiye pekee asiyepumzika siku nzima.

Hema nalo lina jambo moja ambalo hakuna anayelifikiria mpaka saa nane usiku: kuinuka kutoka chini. Fanya majaribio nyumbani. Laza godoro jembamba sakafuni, ulale hapo usiku mbili. Kuinuka usijikaze kukaa moja kwa moja kama kijana. Geuka ubavu, jisukume kwa mikono mpaka uwe umepiga magoti na viganja chini, weka mguu wenye nguvu mbele, shika kitu imara, inuka. Kigoda kidogo cha kukunja karibu na mlango wa hema kitakusaidia kuliko vitu vyote utakavyobeba, na juu yake utavalia viatu bila kuhangaika. Ukiamka kwenda haja, kaa kwanza dakika mbili ndipo usimame, kwa sababu dawa za presha hufanya damu ichelewe kupanda kichwani. Tochi ya kuvaa kichwani, ili mikono ibaki na fimbo. Viatu vikung'ute kabla ya kuvivaa.

Usiku wa Usambara ni baridi ya kweli, na ardhi ndiyo inayokunyonya joto zaidi kuliko hewa. Blanketi mbili juu na turubai tupu chini ni kulala macho. Weka mkeka, godoro la sponji, kisha blanketi. Na kabla ya kusimamisha hema, zungukeni mahali hapo mtazame kama kuna njia ya siafu, na mwulizeni mwenyeji kama kichaka kilicho karibu kina upupu. Nimeshaona kambi nzima ikihama usiku wa manane kwa ajili ya siafu, watu wazima wakivuana nguo bila aibu.

Kilimanjaro usiifute. Mwaka 2019 Mmarekani aitwaye Anne Lorimor alifika kileleni, mita 5,895, akiwa na miaka 89. Sikuambii ushindane naye. Nakuambia kuwa mlima ule una sehemu nyingi kabla ya kilele. Kibanda cha Mandara, njia ya Marangu, kiko mita 2,720. Unaweza kupanda asubuhi na kushuka siku hiyohiyo, msituni mwanzo mpaka mwisho. Kama Lushoto itakwenda vizuri, hiyo iwe ya mwaka kesho. Horombo, mita 3,720, tutaizungumza baada ya hapo, pamoja na daktari wako.

Masharti yangu sasa. Usiende kama presha yako haijatulia kwa wiki mbili kabla ya safari. Usiende kama umepata maumivu ya kifua, umezimia, au umehema isivyo kawaida kwenye mazoezi ya Uluguru, mpaka moyo upimwe. Usiende kama kikundi hakina mwenyeji anayejua njia, au simu hazishiki na hakuna aliyeachiwa ratiba yenu; hospitali ya wilaya iko Lushoto mjini, lakini lazima awepo wa kukufikisha. Dawa zako zigawe mafungu mawili, moja kwenye mkoba wako na jingine kwa mwenzako, na karatasi yenye majina yake.

Fanya jaribio la kiti leo jioni, uandike namba yake na tarehe kwenye kalenda ya jikoni ambapo wanao wataiona. Lirudie kila Jumamosi. Kisha mpigie simu anayeandikisha majina, mwambie akuandike, na umuulize kama kwenye hema mtakalolala kuna nafasi ya kigoda.